Mtoto Akisema Anataka Kusoma Muziki, Tusimcheke

Ndugu wachimbaji, ba mama na ba papa wa jamaa zetu, leo hatuandike juu ya bei ya koltani wala juu ya kadi za wachimbaji. Tunaandika juu ya jambo lililotokea katika mkutano wetu hapa Kiwanja, kwa sababu lilituletea haya, na haya ikifichwa moyoni haisaidie mtu.

Ilikuwa siku ya Mungu, kisha misa. Tulikutana kama kawaida juu ya sanduku yetu ya msaada. Ni ile sanduku ambamo kila mmoja anatia kidogo akirudi kutoka mashimo: juu ya ugonjwa, juu ya kilio, juu ya minervali ya watoto. Papa mmoja akasimama. Amechimba Lueshe akiwa kijana, amechimba Walikale, amechimba Rubaya. Leo akipanda kilima kidogo tu anasimama mara tatu kupumua. Akasema binti yake amepata diploma ya Leta na anataka kuendelea na chuo kikuu, na yeye peke yake hataweza. Tukapiga makofi. Mtu mmoja akauliza: «Atasoma nini? Udaktari? Sheria?» Papa akaangalia chini, akajibu: «Muziki.»

Watu wakacheka. Na sisi madelege wa sendika, tuliokaa mbele, tulicheka pia. Mmoja wetu akasema: «Muziki inasomaka? Si banaimbaka tu?» Mwingine akaongeza: «Papa, mutakula gitare?» Yule papa akakaa. Hakuomba tena kitu.

Tulirudi nyumbani na kicheko chetu, lakini usiku kikageuka. Tuliulizana: huyu mtu alitumia mapafu yake ili mtoto wake asiingie shimoni. Mtoto amesoma miaka yote, hata wakati vita ilitukimbiza na madaftari kichwani. Leo anasema kazi anayoijua, anayoifanya kila wiki akiongoza kwaya ya vijana. Na sisi, watu wa kutetea haki ya mfanyakazi, ndio tunamfunga mdomo. Ndiyo maana tunaandika.

Tuanze na ile neno ya kwamba muziki haisomwe. Sisi wachimbaji tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuisema. Kila mmoja wetu anajua namna biashara yetu inaenda. Unatoa jiwe shimoni kwa nguvu zako. Negosia anakuja na mizani yake. Anakuambia uzito, anakuambia pia kuna tantale kiasi gani ndani ya jiwe, ile wanaita tenere, na wewe unakubali kwa sababu huna chombo cha kumhakikisha. Je, anakushinda kwa mikono? Hapana. Anakushinda kwa kujua. Yeye anajua kusoma jiwe, wewe unajua kulitoa tu.

Mwimbaji asiyesoma iko katika hali ile ile. Ana sauti, ana wimbo, ana vidole. Lakini mtu mwingine ndiye anajua kuandika ile wimbo, kuirekodi vizuri, kuiandikisha kwa jina lake, kusoma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Mwimbaji anapewa pesa ya siku moja, na wimbo inaenda zake, kama mfuko wa koltani juu ya lori.

Tutoe mfano wa kwetu Kongo, wa inchi ya madini kama sisi. Huko Katanga, mwaka 1952, mzungu mmoja jina lake Hugh Tracey alipita Jadotville, mji wa madini unaoitwa leo Likasi, akiwa na mashine ya kurekodi. Alikuta kijana mpiga gitare, Mwenda Jean Bosco, akarekodi wimbo wake «Masanga». Vidole vya yule kijana vilisikika Afrika nzima na Ulaya. Miaka ya mwanzo ya 1960, mwalimu Mzungu, David Rycroft, aliandika nota za ile gitare, moja kwa moja, na kuzitoa katika gazeti la wataalamu wa muziki ya Afrika. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kupiga Marekani, kwenye tamasha la Newport. Alikufa mwaka 1990.

Tuangalie vizuri. Aliyepiga ni Mkongomani. Aliyerekodi, aliyeandika nota, aliyechunguza na kufundisha wengine, si Mkongomani. Hatusemi walifanya mabaya. Bila wao pengine tusingekuwa na kitu leo. Tunasema tu kwamba kazi ilikuwa nyingi, na sisi tulikuwa na moja tu kati yake.

Na jambo hilo linatugusa mpaka hapa kwetu. Mwaka ule ule wa 1952, Tracey alirekodi pia nyimbo za Banande. Hapa Kiwanja Banande ni majirani zetu, ni wake zetu, ni sisi wenyewe. Mtu akitaka leo kusikia namna babu zao waliimba wakati ule, asiulize Kiwanja wala Butembo. Rekodi za Tracey ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ya Afrika aliyoanzisha mwaka 1954. Jiwe letu liko katika depo ya wengine, na tukitaka kuliona ni sherti tuombe ruhusa.

Je, kitu kama hicho kinaweza kurudi? Kinaweza, na tuko na mfano wa jirani. Uganda, Mjerumani Klaus Wachsmann aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Kampala alirekodi muziki ya makabila mengi, kuanzia mwisho wa miaka ya 1940. Rekodi zile zilikaa London. Professor Sylvia Nannyonga-Tamusuza, mama wa Uganda aliyesoma muziki na kuifundisha Makerere, alijenga pale chuoni hifadhi ya rekodi, na nakala za Wachsmann zikarudi Kampala. Hakuna mwimbaji wa bari angeweza kufanya kazi ile, hata akiwa na sauti ya malaika. Ilitaka mtu mwenye masomo, anayeweza kukaa na wakubwa wa maktaba ya London na kuongea nao kama mwenzao.

Tukumbuke pia rumba yetu. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika katika urithi usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Watu walicheza barabarani. Lakini nani alitayarisha faili? Upande wetu, komisyo iliongozwa na Professor André Yoka Lye, mkuu wa wakati ule wa Institut national des arts, INA, kule Kinshasa. Wapigaji walipiga miaka mingi. Watu wa masomo waliandika, wakatetea, na wakapata.

Sasa tujibu lile swali la tumbo, maana mzazi ana haki ya kuliuliza: «Njo atakula nini?» Tulikaa tukahesabu kazi ambazo mtu aliyesoma muziki anaweza kufanya. Tulifikiri tutapata mbili. Tukapata nyingi.

Kazi ya kwanza ni ualimu. Masekondari yetu, vyuo vya walimu, shule za mapadri na za wachungaji, vinahitaji mtu wa kufundisha solfeji na kuimba. Wimbo wa taifa watoto wetu wanaimba kila asubuhi mbele ya bendera, muziki yake ilitungwa mwaka 1960 na Simon-Pierre Boka, Mkongomani wa shirika la Wajezwiti. Mtu aliitunga na akaiandika, haikuota kama majani.

Kazi ya pili ni ya kanisa. Kila parokia na kila paroisi ya Waprotestanti hapa iko na kwaya, mara kwaya tano. Anayejua kuandika sauti nne, kutunga misa, kufundisha wapiga piano, hakosi kazi. Mara nyingi malipo ni madogo, hatutadanganya. Lakini anajulikana, na kujulikana inaleta kazi ingine.

Kazi ya tatu ni ya sauti: redio, studio, filamu, jukwaa. Kule Goma, Festival Amani ilianza Februari 2014. Watu waliangalia waimbaji, lakini nyuma yao kulikuwa fundi wa sauti, fundi wa taa, mpanga programu, mwandika mikataba. Tukiita mafundi kutoka mbali kwa kila tamasha, pesa inarudi nao. Tunajua ile hadithi.

Kazi ya nne ni ya haki. Kongo iko na sheria ya haki ya watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na tangu mwaka 2011 iko na shirika la kukusanya ile haki, SOCODA. Lakini haki haikufuate nyumbani. Wimbo ni sherti iandikishwe, mtunzi ajulikane, mkataba usomwe. Waimbaji wangapi wa Rutshuru wanajua hilo? Mtu aliyesoma muziki na kuelewa ile sheria anaweza kuwa delege wa waimbaji, kama sisi tulivyo madelege wa wachimbaji.

Kazi ya tano wengi wetu hatukuijua: kuponya. Kule Bukavu, kwenye hospitali ya Panzi ya Dakta Denis Mukwege aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, kuna programu ambamo wamama waliobakwa wanatunga nyimbo zao na kuzirekodi studio. Wanasaidiwa na mtu wa mambo ya moyo na akili, pamoja na fundi wa muziki. Ile ni kazi ya hospitali. Na ni nani katika Kivu hii atasema hatuna wagonjwa wa namna hiyo?

Kazi ya sita ni ya kuchunguza na kufundisha chuo kikuu. Mkongomani Kazadi wa Mukuna alisoma muziki mpaka mwisho wa masomo, akaandika kitabu juu ya namna muziki ya Kibantu ilivyoingia Brazil, akawa professor Marekani, kwenye chuo cha Kent State. Alitoka katika inchi hii hii.

Lakini tuseme ukweli wote, maana sendika isiyosema ukweli inauza watu wake. Chuo hakifanyi mtu nyota. Watoto wengi wakisema muziki wanamfikiri Innoss'B, mtoto wa Goma, aliyeshinda shindano la Vodacom mwaka 2010 akiwa bado mdogo. Yeye hakungoja chuo kikuu. Mwenye kutaka kuwa Innoss'B, miaka ya chuo haimwahidi kitu. Tena, wengi waliosoma muziki wanaishi kwa kuunganisha: asubuhi anafundisha, mchana yuko studio, siku ya Mungu yuko kanisani. Kule Kinshasa, ile orkestra ya simfoni ya Wakimbangisti iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda imepiga mpaka Ulaya, lakini wapigaji wake wengi wana kazi zingine za kuwalisha. Na mwalimu wa Leta tunajua mshahara wake na tarehe zake. Anayesoma muziki hatakuwa tajiri kesho yake.

Lakini tuulizane: sisi mashimoni tunatajirika? Mvua ikinyesha Rubaya, mama wa mchimbaji halale. Kilima kikianguka, jina la mtoto linasomwa kwa redio, na sanduku yetu inatoa pesa ya sanduku ingine, ya mbao. Hakuna hata mmoja wetu aliyeogopa kumpeleka kijana kule kwa sababu kazi yake haina uhakika. Mbona tunaogopa tu pale kijana anapochagua daftari?

Hata wale wanaofaulu hawakufanana wote. Lokua Kanza alizaliwa Bukavu mwaka 1958. Aliimba katika kwaya za kanisa Kinshasa, akasoma muziki pale pale, kisha akaenda Paris. Alifanya kazi na Papa Wemba, na Ray Lema, na Manu Dibango, na nyimbo zake mwenyewe zinajulikana dunia nzima. Kule Uganda, Robert Kyagulanyi anayeitwa Bobi Wine alisoma muziki, ngoma na tamthilia Makerere, akawa mwimbaji, kisha mwaka 2017 akaingia bungeni. Msomaji asimpende wala asimchukie kwa siasa yake. Tunaonyesha tu kwamba masomo hayo hayafungi mlango.

Basi mtoto wa Kiwanja aende wapi? Barabara tunazozijua ni hizi. Ya kwanza ni INA, Kinshasa: masomo kwa Kifaransa, diploma ya Leta inakubaliwa, lakini safari ni ya ndege na maisha ya Kinshasa ni mzigo. Ya pili ni Makerere, Kampala, ambako masomo ya muziki, ngoma na tamthilia yalianza mwaka 1971. Unapita Bunagana, Kisoro, Kabale, Mbarara, kwa basi. Ni karibu kuliko Kinshasa, ila lugha ni Kiingereza, na ni sherti mtoto ajitayarishe kwanza. Ya tatu ni Tanzania: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha kiko na shahada ya muziki, na kule Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, kinachoitwa leo TaSUBa, kinachotoa stashahada. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichofunguliwa mwaka 2002, ambako taarabu inafundishwa na wazee wenyewe. Hakuna barabara ya rahisi. Lakini hata ile ya Walikale si rahisi, na tunaipita.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa watoto: musikuje kwa mzazi na neno moja tu, «muziki». Kujeni na kazi. Sema: nataka kuwa mwalimu, ao fundi wa sauti, ao mtu wa kuhifadhi nyimbo. Anza leo kujifunza nota kwa mkubwa wa kwaya, maana vyuo vingi vinakusikiliza kwanza ukipiga ao ukiimba, na mwenye kusoma nota anapita mbele. Tafuta mtu mmoja aliyemaliza pale unapotaka kwenda, umuulize anaishi namna gani.

Kwa wazazi: kabla ya kucheka, uliza. Uliza miaka mingapi, pesa ngapi kwa mwaka, atalala wapi, akimaliza atafanya nini mwaka wa kwanza. Mtoto akijibu vizuri, ile ni akili, hata kama somo lake hulijue. Na akiwa ni binti, usiseme muziki ni ya bari na ya wahuni. Alipokuwa anaongoza kwaya ulikaa benchi ya mbele na ulijivuna.

Kwa sisi wa sendika na wa kooperative: Kode ya madini iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018 inaomba kila kampuni yenye kibali cha kuchimba itoe angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na ifanye nazo mapatano ya maandishi. Kila mara tukifika kwenye ile mapatano tunaomba madarasa, maji, kituo cha afya. Ni vizuri, tuendelee. Lakini tuombe pia pesa ya masomo ya juu kwa watoto wa wachimbaji, na tusiandike kwamba ni ya ujenzi wa migodi na udaktari peke yake. Tuandike: kila somo la chuo kikuu.

Neno la mwisho ni la hapa kwetu. Mwezi wa Novemba 2008 Kiwanja ilizika watu wake wengi kwa siku chache. Waliobaki waliimba. Ba mama walitunga nyimbo palepale, kando ya makaburi, na majina ya wafu yalikuwa ndani. Hatujaona mahali zilipoandikwa. Wale ba mama wanazeeka, wengine wameshakufa. Nyimbo zingine ziliimbwa pia kwa wenzetu waliobaki chini ya kilima. Nani atazikusanya? Tutangoja tena mgeni mwenye mashine?

Siku ya Mungu inayokuja tunakutana tena, kisha misa, mahali pale pale. Tumeenda nyumbani kwa yule papa kumuomba msamaha, na tumemuomba asimame tena aseme ombi lake, safari hii binti yake akiwa kando yake. Tutamuuliza maswali yote tuliyoandika hapa, kama tungemuuliza mtoto wa udaktari, bila kupunguza. Kisha tutapiga kura juu ya sanduku. Kila mwanamemba afike, kwa sababu pesa ni yetu wote. Anayekataa aseme sababu yake kwa sauti. Ila kicheko kisihesabiwe tena kuwa sababu.